Kuwasha seli ya 5G ya majaribio kwa redio ya programu

Andaa USRP B210 (redio inayoendeshwa na programu ya kompyuta), kompyuta yenye tundu la USB 3.0, saa ya nje ya 10 MHz, laini ya SIM inayoandikika, na simu inayotumia 5G bila kuegemea 4G. Kazi ya mnara itafanywa na programu ya srsRAN Project, na kitovu cha mtandao, kinachosajili simu na kuipa intaneti, ni programu ya Open5GS.

Linda redio kwanza. B210 hurusha zaidi ya 10 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi), ilhali upande wake wa kupokea haustahimili zaidi ya -15 dBm. Ukiunga redio mbili kwa kebo, weka katikati kipunguza nguvu cha angalau 30 dB, la sivyo utaunguza moja. Simu iingie kwenye sanduku la chuma lisilopitisha mawimbi. Masafa ya simu yana wenyewe, na kurusha hewani kunataka kibali.

Endesha `uhd_images_downloader` ili kupakua faili ambazo redio huzihitaji kuwaka, halafu `uhd_usrp_probe` ili kuikagua. Isipotaja USB 3, usiendelee. Sampuli milioni 23.04 kwa sekunde, baiti 4 kila moja, ni takriban MB 92 kwa sekunde kila upande, USB 2.0 hata kwenye makaratasi haivuki 60. Ukiweka `otw_format: sc12`, yaani baiti 3 kwa sampuli, mzigo hushuka hadi 69.

Kwenye faili la mipangilio ya mnara weka bendi ya 3, `dl_arfcn: 368500` (namba ya masafa ya 1842.5 MHz), upana wa 20 MHz, `common_scs: 15` (nafasi ya 15 kHz kati ya vibebaji, yaani mawimbi madogo yanayobeba data) na `srate: 23.04` (kasi ya sampuli). PLMN 00101 (namba ya mtandao) na TAC (namba ya eneo) zifanane na za AMF, sehemu ya Open5GS inayosajili simu. IMSI (namba ya utambulisho wa laini) na funguo zake za siri, K na OPc, ziingie Open5GS kama zilivyo kwenye laini. Tarakimu moja ikikosewa, simu hukataliwa.

Skrini ikimwaga herufi U, kompyuta inachelewa kupeleka sampuli. O, inachelewa kuzipokea. L, zimefika wakati wake umepita. Weka prosesa kwenye hali ya kasi kamili, `performance`, na achana na kompyuta pepe.

Simu isipoiona seli kabisa, shuku saa kabla ya programu. Saa ya ndani ya B210 hukosea hadi ppm 2 (sehemu 2 kwa milioni), yaani karibu 3.7 kHz hapa, robo ya nafasi kati ya vibebaji. Baadhi ya simu huvumilia, nyingine hupita tu. Kuchomeka saa ya nje hakutoshi: andika pia `clock: external` kwenye faili la mnara.

Ikijisajili lakini kurasa hazifunguki, mnara hauna kosa. Kwenye kompyuta ya Open5GS, washa `net.ipv4.ip_forward` ili ipitishe data ya simu, na uongeze kanuni ya MASQUERADE, inayoitoa data hiyo kwa anwani ya kompyuta, kwa 10.45.0.0/16, yaani anwani zinazopewa simu.