Namna ya Kupima Kumbukumbu ya Mzee Ambaye Hakupitia Shule

Mzee anapoletwa kituoni kwa sababu anasahau, watoa huduma wengi huchukua MMSE, kipimo cha kumbukumbu na akili chenye alama 30 ambacho kimetumika tangu 1975. Kipimo hicho humtaka mtu atoe saba saba kuanzia mia, aandike sentensi na kunakili pembetano mbili zilizopishana. Bibi aliyelima kahawa na migomba maisha yake yote bila kushika kalamu atazikosa alama hizo hata akiwa na akili timamu, na hapo utakuwa umepima shule, si ugonjwa. Kipimo kingine, cha kuchora saa, nacho kina mtego wake, kwani mpimaji akimwagiza mzee aonyeshe saa kumi na moja na dakika kumi, akidhani ndiyo 11:10 ya kwenye fomu, mzee ataelekeza mshale mfupi kwenye tano, naye atakuwa sahihi kabisa.

Kabla ya swali lolote, hakikisha anasikia na anaona vizuri, na uulize tatizo lilianza lini. Aliyekuwa mzima juzi na leo hajui alipo asipimwe kumbukumbu kwanza, bali atafutiwe malaria, homa ya mapafu, maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa maji, sukari iliyopanda au kushuka, na dawa anazotumia. Chunguza pia sonona, kwa maana mjane aliyekata tamaa hujibu "sijui" kwa kila swali.

Kwa wazee wa vijijini, mimi napendelea kipimo cha IDEA, kilichotokana na utafiti wilayani Hai, Kilimanjaro, kikajaribiwa pia Nigeria, kwa sababu hakihitaji kusoma wala kuandika. Mamkie mzee kwa heshima, mweleze kwamba huu si mtihani, na utumie lugha anayoiongea nyumbani. Kama ni Kichagga, tafuta mkalimani asiye ndugu yake. Mwanawe asikae ubavuni, kwani atamnong'onezea majibu kwa huruma tu.

Mzee husomewa maneno kumi mara tatu, akiyarudia kila mara, kisha hutakiwa kuyakumbuka baadaye, baada ya kazi nyingine. Ataeleza daraja ni nini, atataja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, na ataulizwa siku ya wiki na jina la kiongozi wa eneo lake. Kuna pia njiti nne za kiberiti. Panga umbo lako, mpe njiti zake nne, naye aunde umbo kama hilo. Keti upande aliokaa yeye ili asilione kinyume, na usimwongoze kwa macho wala kidole. Jumla ni alama 15, ambapo 7 au chini yake huashiria dimensia, yaani ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa akili, 8 na 9 huacha shaka, na 10 kwenda juu kwa kawaida hazina tatizo.

Mjini, au kwa wahamiaji ughaibuni, kipimo cha RUDAS, kilichotungwa Sydney, Australia, kinafaa. Humpa mzee orodha ya dukani yenye chai, mafuta ya kupikia, mayai na sabuni, na humuuliza atavukaje barabara yenye magari mengi. Alama 22 au chini yake kati ya 30 zinadai uchunguzi zaidi.

Hata hivyo, alama pekee hazitoshi kumpa mtu jina la ugonjwa. Zungumza faraghani na anayeishi naye: je, bado anahesabu chenji, anaijua njia ya shambani, anakumbuka kuinjika na kuepua chungu? Tofauti kati ya alivyokuwa na alivyo sasa, hasa ikiwa imekua polepole kwa miezi, ina uzito kuliko alama moja iliyopungua. Kisha apimwe VVU, kaswende, tezi la shingo na vitamini B12 pale vipimo vinapopatikana, kwa kuwa baadhi ya visababishi vinatibika.

Kwenye rufaa usiandike namba tupu. Andika jina la kipimo, lugha iliyotumika, miaka ya shule, hali ya macho na masikio, na aliyetoa maelezo ya nyumbani, ili atakayempima tena baada ya miezi kadhaa alinganishe mambo yanayolingana.