Dhania ikitoa maua usiing'oe

Wadau wa sukuma za magunia na za nyuma ya ploti, hii ni ya wale wamechoka kupiga dawa na vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza majani, bado wanarudi. Kuna wadudu wanaokula hao vidukari, lakini wakishakuwa wakubwa wengi wao wanaishi kwa maua, sasa kama kwako ni sukuma tupu watakaa wakifanya nini?

Hatua ya 1: Rusha dhania pembeni ya sukuma, si mbegu zote siku moja, kidogo kidogo kila baada ya wiki mbili ndio maua yasikatike. Jua la Nairobi likiwaka dhania inakimbilia maua mapema na watu wanaona ni hasara wanang'oa, tafadhali iache. Vile vimaua ni vidogo na havina kina, kwa hivyo nyigu wadogo na wale inzi wa mistari ya njano wanaoelea hewani pahali pamoja wanafikia utamu bila shida. Shamari pia iko sawa.

Hatua ya 2: Geuza majani uangalie chini. Ukiona kidukari amefura, amekauka, rangi ya kahawia hivi, na mgongoni ako na katundu ka duara, jua kuna nyigu alitaga yai ndani yake, mtoto akamla akatoboa akatoka. Jani hilo usitupe, pengine wengine bado hawajatoka. Na kale kadudu keusi karefu kenye madoa ya machungwa ni mtoto wa ladibadi, yule mdudu wa duara mwenye madoa mgongoni, anakula vidukari kweli kweli, na inaniuma sana kuona watu wakimponda.

Hatua ya 3: Wacha kupiga dawa. Kidukari jike anazaa bila dume, kwa hivyo ukiua kila kitu yeye ndiye anarudi wa kwanza, walinzi wako, yaani hao wadudu wanaokula vidukari, wanachelewa. Jani likilemewa lipige maji kwa nguvu waanguke, na ukiona vidukari wachache waache, ni chakula cha walinzi.

MASWALI

Mwalimu, mimi niko Pipeline, nina balkoni tu na magunia mawili. Itashika?
Itashika mama, bora jua lifike. Panda dhania kwa mkebe ukae karibu na gunia kabisa. Ukiwa ghorofa ya juu vumilia kidogo, wanachukua muda kukupata.

Na viwavi vya kabeji je? Niko Limuru.
Kama ni vile vya nondo mgongo wa almasi una bahati, icipe, ile taasisi ya utafiti wa wadudu ya Kasarani, waliachilia nyigu wa kuwashambulia kutoka Taiwan mwaka wa 2002, anaitwa Diadegma semiclausum, na anapenda baridi kama ya huko kwenu. Mpe maua tu.

Sisimizi wamejaa kwa sukuma yangu, hao ni marafiki?
Hapana ndugu. Wanakunywa ule utamu vidukari wanatoa, na ladibadi akikuja wanamfukuza. Fuata mstari wao mpaka kwa shimo, uanzie hapo.