Barua ya SSI inapomfikia mzee wenu Marekani

Katika familia nyingi za Wakongo na Warundi waliofika Marekani kama wakimbizi, barua ya Hifadhi ya Jamii (Social Security) inayomhusu bibi au babu husomwa na mtoto wa shule, kwa kuwa ndiye anayejua Kiingereza, kisha hurudishwa ndani ya bahasha na kuwekwa juu ya kabati. Nawasihi msiiweke kabla ya kuangalia tarehe iliyochapwa juu yake.

Barua ikisema kwamba pesa za SSI, yaani malipo ya serikali kwa wazee na wenye ulemavu walio na kipato kidogo, zitapunguzwa au kukatwa, mzee ana siku 60 za kukata rufaa tangu aipokee, na huhesabiwa kuwa aliipokea siku 5 baada ya tarehe hiyo. Zilizo muhimu zaidi ni siku 10 za mwanzo, kwa sababu akikata rufaa ndani ya muda huo, kwa kawaida malipo huendelea hadi rufaa yake ya kwanza iamuliwe. Akishindwa anaweza kudaiwa alichopokea, ingawa anaruhusiwa kuomba deni lisamehewe. Ushauri wangu ni kukata rufaa mapema ili malipo yaendelee, maana kodi ya nyumba inadaiwa kila mwezi.

Sababu ikiwa ni kwisha kwa miaka 7 ambayo wakimbizi wengi huruhusiwa kupokea SSI bila uraia, dawa yake ni uraia wenyewe. Mzee ambaye ugonjwa au ulemavu unamzuia kujifunza Kiingereza na masomo ya uraia anaweza kuombewa msamaha wa mtihani kwa fomu N-648, inayojazwa na daktari. Hapo ndipo wengi hukwama: daktari akiandika tu kwamba mgonjwa ni mzee na hakusoma, ombi hukataliwa. Inampasa aeleze ni maradhi gani, na jinsi yanavyomzuia kujifunza na kukumbuka.

Msaada wa wakili haulazimu kulipiwa. Sheria ya Wamarekani Wazee ya mwaka 1965 hugharimia msaada wa kisheria kwa wenye umri wa miaka 60 na zaidi, na kila jimbo lina taasisi ya kutetea haki za watu wenye ulemavu wa umri wowote. Pigeni simu 1-800-677-1116, muulize huduma za wazee zilizo karibu nanyi. Jueni pia kwamba hati ya uwakilishi (power of attorney) ambayo mzee amewasainia kwa wakili haiwapi ninyi mamlaka ya kusimamia pesa za SSI za mzee. Anayetaka kuzisimamia huomba kuteuliwa na ofisi ya Hifadhi ya Jamii yenyewe.

Ofisi hiyo hutoa mkalimani bila malipo. Mwombeni mapema, mkitaja kama mzee anazungumza Kiswahili cha Kongo, Kirundi au Kibembe, na msimpe mjukuu kazi hiyo. Bibi akihojiwa kuhusu ulemavu wake, akaulizwa mbele ya mjukuu wake kama anaweza kuzuia mkojo, atajibu kwamba hana tatizo, na jibu hilo ndilo litakaloandikwa kwenye faili.