Somo: Namna ya kuuza kiti chako ndege ikiwa na abiria kuzidi viti

Wakuu, mhudumu wa getini anashika kipaza sauti: "Tunaomba abiria wawili wa kujitolea kusubiri ndege inayofuata." Wengi huinamia simu zao. Kama huna haraka, wewe inuka.

Mashirika huuza tiketi kuzidi viti kwa makusudi, kwa sababu kuna abiria wasiotokea. Siku wakitokea wote, lazima baadhi wabaki. Kwa sheria za Marekani na Umoja wa Ulaya, shirika linatakiwa kutafuta kwanza wanaojitolea kabla ya kumzuia mtu asiyetaka.

Hatua ya 1: Jua sheria inampa nini anayezuiwa. Ulaya, Kanuni ya 261 ya mwaka 2004 inampa euro 250, 400 au 600 kulingana na umbali. Marekani anaweza kulipwa hadi asilimia 400 ya nauli ya kwenda tu, mwisho dola 2,150 tangu Januari 2025. Anayejitolea hana kiwango chochote kilichopangwa, anapata walichokubaliana. Basi tumia viwango hivyo kama kipimo chako.

Hatua ya 2: Nenda kaunta mapema, ila usiwe wa kwanza kutaja bei. Uliza wanatoa kiasi gani. Huu ni mnada, na dau hupanda kadiri muda wa kuondoka unavyokaribia. Swali ninalolipenda: "Mkimwongezea atakayefuata, na mimi mtanifikisha hapohapo?" Mara nyingi hukubali, maana hawataki ugomvi getini. Kuna mashirika yanayokuuliza dau lako kwenye programu ya simu wakati wa kuchekiini. Hapo unabahatisha tu, hujui wamebanwa kiasi gani.

Hatua ya 3: Omba fedha. Wakisema ni vocha tu, uliza inaisha lini, kama mtu mwingine anaweza kuitumia, na salio likibaki linakwenda wapi. Vocha kubwa yenye masharti mengi inaweza kuzidiwa na fedha kidogo.

Hatua ya 4: Dai kiti kilichothibitishwa kwenye ndege inayofuata, si cha kusubiria nafasi. Kama ni kulala, hoteli, chakula na usafiri viandikwe. Soma, kisha ndiyo usaini.

MASWALI

Mkuu, nikishasaini naweza kudai fidia ya kisheria baadaye?
Hapana. Umeshahesabiwa uliyejitolea. Nguvu yako yote iko kabla ya saini.

Begi nililokabidhi je?
Linaweza kukutangulia. Dawa na chaja viwe kwenye begi la mkononi.

Wasiponihitaji mwishoni?
Unapanda ndege yako kama kawaida, na hulipwi kitu.

Nina ndege ya kuunganisha, nijitolee?
Kama zote ziko kwenye tiketi moja, wapange upya safari nzima mbele yako. Kama ni tiketi mbili tofauti, mimi nisingethubutu.

Nasikia kuna wanaojitolea wanaolipwa hadi dola 10,000, ni kweli?
Hicho ni kikomo ambacho United, shirika la ndege la Marekani, ilijiwekea baada ya abiria kuburutwa nje ya ndege yake Chicago, Aprili 2017. Siku ile viti vilikuwa vinatakiwa kwa wafanyakazi wa ndege. Usiende getini ukitarajia kiasi hicho. Dau la kwanza huwa dogo sana.