Saa mlinzi ya Raspberry Pi: ikiganda, ijiwashe yenyewe

Ninatunza Raspberry Pi (kompyuta ndogo) zinazosoma kina cha maji kwenye visima vya vijijini, mkoani Singida. Ikiganda moja, dawa yake siku zote ni kuchomoa waya na kuchomeka tena. Kwa kazi hiyo sipandi pikipiki. Ndani ya chipu mna saa mlinzi (watchdog) inayohesabu kushuka. Isiporudishwa mwanzo kabla ya kufika sifuri, inaiwasha mashine upya, keneli (kiini cha Linux) itake isitake.

Draiva yake kwenye Linux ni `bcm2835_wdt`, nayo huja na Raspberry Pi OS. Hakiki:

`dmesg | grep -i watchdog`

Ukitaka kuiona ikifanya kazi, funga kazi zako zote kisha andika:

`sudo sh -c 'echo 1 > /dev/watchdog'`

Kufungua faili hiyo kunaianzisha saa. Kuifunga bila kuandika herufi V hakuizimi, kwa hiyo muda si mrefu Pi itajiwasha upya. Ukijibiwa "Device or resource busy", systemd, programu inayoanzisha na kusimamia huduma zote za Linux, imeshaishika. Mshikaji ni mmoja tu, kwa hiyo usiweke tena na kifurushi cha `watchdog`.

Kwenye kompyuta ya Intel tafuta `iTCO_wdt`, na kwenye AMD `sp5100_tco`. `softdog` ni ya programu tupu: keneli ikifa, nayo imekufa. Mimi siihesabu.

Sasa mpe systemd kazi ya kuirudisha saa. Tengeneza `/etc/systemd/system.conf.d/90-saa.conf`:

```
[Manager]
RuntimeWatchdogSec=10s
```

Kihesabio cha Pi kina biti 20 na hupiga mara 65,536 kwa sekunde, yaani hakifiki mbali zaidi ya sekunde 16. Kumi zinatosha. Washa upya, kisha `systemctl show -p RuntimeWatchdogUSec` ikuonyeshe 10s.

Wengi huishia hapa, na hapa ndipo ninapobishana nao. Hadi sasa umethibitisha kwamba systemd iko hai, basi. Programu yako inaweza kukwama ikisubiri jibu la kihisi kwenye waya wa RS485 (waya wa mawasiliano ya vihisi) tangu asubuhi, huku systemd ikiirudisha saa kwa furaha, na mezani kwako grafu imenyooka kama rula. Programu nayo lazima itoe taarifa. Kwenye faili ya huduma yake ya systemd weka:

```
[Unit]
StartLimitIntervalSec=15min
StartLimitBurst=4
StartLimitAction=reboot

[Service]
Type=notify
WatchdogSec=60
Restart=always
```

Ikinyamaza sekunde 60, systemd inaiua na kuianzisha tena. Ikizidi kufa, mashine nzima inawashwa upya. Kwenye Python natumia maktaba ya `sdnotify`:

```
n = sdnotify.SystemdNotifier()
n.notify("READY=1")
while True:
    kina = soma_kihisi()
    hifadhi(kina)
    n.notify("WATCHDOG=1")
    time.sleep(20)
```

Angalia mstari wa `WATCHDOG=1` ulipo: baada ya kuhifadhi. Nimeona watu wakiuweka kwenye uzi (thread) wake wa pembeni ili "usichelewe". Uzi huo utaendelea kusema salama salimini hata kihisi kikiwa kimekatwa na panya.

Jaribu kabla ya kuifunga kwenye boksi. Kwanza igandishe programu; huduma yangu inaitwa kisima:

`sudo systemctl kill -s STOP kisima`

Subiri dakika chache, kisha usome `journalctl -u kisima`. Halafu keneli yenyewe, iangushe makusudi. `cat /proc/sys/kernel/panic` itoe 0, la sivyo keneli itajiwasha upya na hutajua ni nani aliyefanya kazi.

`sync; echo c | sudo tee /proc/sysrq-trigger`

Saa ikikata haiagi, na kadi ya SD iliyokuwa inaandikwa huweza kuharibika. Kwa hiyo washa overlay (hali ya kutoandika chochote kwenye kadi) kupitia `raspi-config` mwisho kabisa, baada ya kuhariri faili zote hizo, na vipimo viandikwe kwenye flashi ya USB.