Kulinganisha chembe za nano na chembe kubwa: vizio kwanza, kugawanya baadaye

Swali la kulinganisha ukubwa wa chembe huwapotezea wengi alama za bure. Chembe moja imepewa kwa nanomita (nm), nyingine kwa mikromita (µm), na mwanafunzi anakimbilia kikokotoo kabla hajaangalia vizio.

Kariri makundi haya matatu. Chembe za nano zina kipenyo cha nm 1 hadi 100. Chembe laini, zile za PM2.5 (PM ni kifupi cha Kiingereza cha chembe zinazoelea hewani, namba ni kipenyo cha juu kwa µm), ni nm 100 hadi 2,500. Chembe nene, PM10, ni nm 2,500 hadi 10,000, na vumbi la kawaida limo humo.

Hatua ya 1: weka vipimo vyote kwenye kizio kimoja. Mikromita 1 ni nanomita 1,000. Nanomita 1 ni mita 10⁻⁹.

Hatua ya 2: gawanya kikubwa kwa kidogo. Tuseme chembe ya zinki oksidi ina kipenyo cha nm 40, na punje ya vumbi ina µm 8. Vumbi ni nm 8,000. 8,000 ÷ 40 = 200. Ukipenda vipeo: (8 × 10⁻⁶) ÷ (4 × 10⁻⁸) = 2 × 10², jibu lilelile.

Hatua ya 3: soma tena swali, mara 200 ya nini? Hapa ndipo ninapowasihi mtulie. Hiyo 200 ni ya kipenyo. Wakiuliza ujazo, na chembe zote ni za duara, ni 200 × 200 × 200, yaani mara 8,000,000.

Hatua ya 4: uwiano wa eneo la uso kwa ujazo. Kemia yenyewe iko hapa, maana mmenyuko hufanyika usoni mwa chembe. Mchemraba wa upande wa nm 100 una eneo la nm² 60,000 na ujazo wa nm³ 1,000,000: uwiano 0.06. Punguza upande uwe nm 10: eneo 600, ujazo 1,000, uwiano 0.6. Upande umepungua mara 10, uwiano umeongezeka mara 10.

Sasa chukua mchemraba wa sentimita 1. Uso wake wote ni cm² 6. Ukiukata wote uwe vimchemraba vya nm 10, jumla ya nyuso inafika m² 600, zaidi ya uwanja mzima wa mpira wa kikapu, na hujaongeza hata chembe ya maada. Ndiyo maana kichocheo (dutu inayoharakisha mmenyuko) cha nano hutumika kidogo tu na kazi inafanyika.

MASWALI

Mwalimu, shikamoo. Chembe ya nm 60 na ya µm 1.5, mimi napata 0.025. Nimekosea wapi?

Marahaba. Umegawanya 1.5 kwa 60 bila kubadili vizio. µm 1.5 ni nm 1,500. Gawanya kwa 60, unapata 25. Ukigawanya kikubwa kwa kidogo ukapata jibu chini ya 1, rudi hatua ya 1.

Moshi wa kuni jikoni uko kundi gani?

Sehemu kubwa ni PM2.5, na katika moshi huo zimo za nano pia. Chembe hizo ni ndogo kiasi cha kufika ndani kabisa ya mapafu, kwa hiyo jiko linahitaji dirisha au dohani.

Atomu moja nayo ni chembe ya nano?

Hapana. Kipenyo cha atomu ya dhahabu ni kama nm 0.3, chini ya kikomo cha nm 1. Chembe ya nano kwa kawaida ni atomu mia kadhaa au zaidi zilizoshikana, na zikishikana hivyo tabia hubadilika. Mwaka 1857 Michael Faraday alieleza vimiminika vyekundu alivyotengeneza kwa dhahabu. Dhahabu ileile ya pete, ikiwa kwenye maji kwa chembe za nm 20 hivi, huonekana nyekundu.