Mkongwe wa gemu anapoondoka studioni: namna ya kukabidhi kazi na kutoka salama

Mwongozo huu ni wa mkurugenzi wa gemu, mbunifu mkuu au mwandishi wa msimbo aliyekaa studio moja miaka 10, 15 au zaidi na sasa anataka kutoka. Mwenye miaka miwili kazini huondoka kwa barua na wiki chache za notisi. Mkongwe hawezi, kwa kuwa nusu ya gemu imo kichwani mwake na nusu ya jina lake imo mikononi mwa kampuni. Jipe wiki 12. Nane zinatosha mradi ukiwa umetulia. Zikiwa chini ya nne utaacha mashimo, na lawama zitakufuata ulikokwenda.

Karatasi kwanza, mazungumzo baadaye

Usimwambie mtu yeyote, hata rafiki wa meza ya jirani, kabla hujasoma kila ulichowahi kusaini. Usiishie kwenye mkataba wa ajira. Tafuta nyongeza za siku ulizopandishwa cheo, makubaliano ya hisa, barua za bonasi, na hati ulizosaini studio iliponunuliwa na kampuni kubwa. Hizo za ununuzi ndizo husahaulika, na mara nyingi ndizo kali kuliko zote, maana mnunuzi alikuwa ananunua pia uhakika kwamba watu fulani hawataondoka.

Anza na umiliki wa kazi. Karibu kila studio humiliki ulichobuni kazini, na mikataba mingine hugusa hata ulichobuni usiku nyumbani kwako, hasa kikihusu gemu. Kama una wazo la mradi mpya, usiandike hata mstari mmoja wake kwenye kompyuta ya kampuni, wala kwa akaunti ya kampuni, wala saa za kazi. Wahusika na majina ya gemu ulizoziasisi usihesabu kuwa vyako. Mtengenezaji wa gemu Keiji Inafune alipoondoka kampuni ya Capcom mwaka 2010, mhusika Mega Man alibaki Capcom, na alichokuja kuchangishia fedha kwa umma mwaka 2013 kilikuwa mhusika mpya kabisa. Mwenzake Koji Igarashi alitoka kampuni ya Konami mwaka 2014 bila gemu za Castlevania, akaanza upya na gemu ya Bloodstained. Mtindo wa uchezaji unaruhusiwa kuutumia tena. Jina, sura, muziki na msimbo haviondoki nawe.

Kisha tazama vifungu viwili ambavyo watu huvichanganya. Kimoja hukukataza kufanya kazi kwa mshindani kwa muda fulani. Kingine hukukataza kuwavuta wenzako wakufuate. Kile cha kwanza nguvu yake hutegemea sheria ya mahali: California, kwa mfano, huvihesabu vifungu vya namna hiyo kuwa batili kwa waajiriwa wa kawaida, lakini kuna nchi na majimbo yanayovitambua vikiwa na mipaka ya muda na eneo. Kile cha pili ndicho huwanasa wakongwe, kwa sababu timu huwapenda. Ujumbe mmoja wa simu, «nitakuita nikishakaa sawa», unaweza kuwa ushahidi. Jibu salama kwa mwenzako anayekuuliza kabla ya tarehe ya kutoka ni kwamba hulizungumzii suala hilo, basi.

Mwisho, fedha. Angalia ni lini hisa zako zinakomaa, yaani zinakuwa zako kweli, maana kuondoka siku 10 kabla ya tarehe hiyo kunaweza kukugharimu kazi ya mwaka mzima. Kama ulipewa haki ya kununua hisa, angalia unabaki na siku ngapi za kuitumia ukishatoka. Katika kampuni nyingi za Marekani ni siku 90 tu, na baada ya hapo haki inapotea. Bonasi za mauzo ya gemu nazo hulipwa mara nyingi kwa sharti kwamba uwe bado mwajiriwa siku ya malipo. Ukishayaandika haya yote kwenye ukurasa mmoja, mpelekee wakili wa masuala ya ajira. Akipewa ukurasa huo na nakala za mikataba, saa moja au mbili zinamtosha.

Tarehe na watu wa kuambiwa

Tarehe nzuri ya kutoka ni wiki chache baada ya hatua kubwa ya mradi kukamilika: toleo la majaribio limeshatoka, au gemu imeshauzwa na marekebisho ya kwanza yametolewa. Mbaya kuliko zote ni katikati ya uamuzi ambao hujaufunga. Ukiondoka huku timu bado inabishana kama gemu iwe ya mchezaji mmoja au wengi, mrithi wako atapoteza miezi akijaribu kukisia ulikuwa unaelekea wapi.

Mwambie bosi wako wa moja kwa moja ana kwa ana, ukimkabidhi barua fupi yenye tarehe mbili: siku ya notisi kuanza na siku ya mwisho kazini. Usiandike sababu kwenye barua. Baada yake waambie viongozi wa idara, siku hiyohiyo ikiwezekana, halafu timu nzima ndani ya saa 24. Habari za namna hii hazikai ndani, na timu ikizisikia kutoka nje kwanza, kazi ya kukabidhi itaanza kwa kinyongo.

Uwe tayari pia kwa jambo moja: kampuni nyingine hukuzima siku hiyohiyo, hukulipa notisi yako ukiwa nyumbani na hukata akaunti zako zote. Kwa hiyo vitu vyako binafsi, yaani picha, namba za simu za watu na hati zako za malipo, viwe vimeshatoka kwenye mashine ya kazi kabla hujafungua mdomo. Vyako tu, si vya kampuni; tutalirudia hili.

Kukabidhi kilicho kichwani

Hapa ndipo wiki nyingi ziende, na hapa ndipo karibu kila studio hukosea. Hukosea kwa kumwambia mkongwe «andika kila kitu». Anaandika kurasa 200 za jinsi gemu inavyofanya kazi, na hakuna anayezisoma, kwa sababu jinsi inavyofanya kazi inaonekana ndani ya msimbo wenyewe. Kisichoonekana ni sababu.

Chukua mfano wa mhusika anayeruka. Kwenye faili la vipimo kuna namba 6: idadi ya fremu (picha moja moja zinazopita kwenye skrini) ambazo mchezaji bado anaruhusiwa kuruka baada ya miguu ya mhusika kutoka ukingoni. Kwa gemu inayokwenda fremu 60 kwa sekunde, hiyo ni sehemu ya kumi ya sekunde. Mgeni akiiona ataiita hitilafu, maana mhusika anaruka akiwa hewani. Ataiweka 0, majaribio yote yatapita, na wiki mbili baadaye wachezaji watalalamika kwamba gemu «imekuwa nzito» bila yeyote kujua kwa nini. Aliyeiweka 6 alijua kwamba kidole cha mtu huchelewa kuliko jicho lake. Gemu ya miaka mingi ina namba za aina hiyo kwa mamia.

Kwa hiyo andika daftari la maamuzi badala ya maelezo. Kila uamuzi uwe na mistari minne: kilichoamuliwa, kilichojaribiwa kikakataliwa, sababu, na dalili itakayoonekana mtu akikibadilisha. Huo mstari wa nne ndio wenye thamani kubwa kuliko yote, kwa kuwa mrithi atakutana na dalili kabla ya kukutana na daftari lako. Maamuzi 40 hadi 60 yanatosha. Ili kuyapata, usikae ukakumbuka. Fungua historia ya mabadiliko ya msimbo na lahajedwali za vipimo, tafuta mahali palipobadilishwa mara nyingi halafu pakatulia ghafla. Hapo palikuwa na ugomvi uliokwisha, na sababu yake haikuandikwa.

Yasiyoandikika, yacheze. Kaa na mrithi wako mara mbili kwa wiki, dakika 90 kila kikao, mkirekodi skrini na sauti. Yeye ashike kidhibiti, wewe useme: hapa kamera imechelewa, hapa adui anapiga kabla hajaonyesha ishara, hapa muziki uingie baadaye kidogo. Vikao vikifika nusu mgeuze: yeye aseme, wewe unyamaze mpaka mwisho. Mahali asipoona kasoro unayoiona ndipo pa kurudia kikao kijacho.

Jaribio la mashine tupu

Katika wiki ya 6, si ya mwisho, chukua kompyuta ambayo haijawahi kugusa mradi. Mpe mwandishi wa msimbo asiye mzoefu maelekezo yaliyoandikwa na umwambie atengeneze toleo kamili la gemu linalocheza. Wewe huruhusiwi kusema neno wala kugusa kibodi. Kila anapokwama, andika.

Atakwama, na mara nyingi kwa mambo yaleyale. Njia ya faili inaelekea kwenye diski ya mashine yako. Toleo la injini ya gemu (programu ya msingi inayoiendesha) halikutajwa, na jipya linavunja vivuli au fizikia. Leseni ya programu ya sauti imesajiliwa kwa baruapepe yako. Chombo kidogo ulichokiandika miaka 8 iliyopita cha kubadilisha ramani hakijawahi kuingizwa kwenye ghala la msimbo, mahali timu nzima inapohifadhi msimbo wake. Kiko kwenye folda yako tu. Rekebisha, kisha rudia na mtu mwingine. Jaribio linapita mtu akifika mwisho bila kuuliza swali.

Wanaodhani hili ni jambo dogo waangalie historia. Kingdom Hearts ilipotengenezwa upya kwa ubora wa juu mwaka 2013, data nyingi za awali zilikuwa zimepotea na timu ililazimika kuzijenga tena kutokana na gemu iliyouzwa. Mkusanyiko wa Silent Hill wa mwaka 2012 ulitengenezwa kwa msimbo ambao haukuwa wa mwisho, kwa sababu wa mwisho haukuhifadhiwa. Timu ikarekebisha upya hitilafu ambazo zilikuwa zimeshatatuliwa miaka mingi nyuma. Basi pamoja na msimbo, hifadhini faili asili za michoro, sauti kabla ya kubanwa, na kisakinishi cha injini ya toleo lilelile. Nakala tatu, kwenye aina mbili za hifadhi, moja iwe nje ya jengo.

Funguo na akaunti

Tengeneza orodha ya kila kitu kinachofunguka kwa jina lako: akaunti za maduka ya gemu, za watengenezaji wa konsoli, seva, majina ya tovuti, kurasa za mitandao ya kijamii, vyeti vya kusaini programu. Akaunti ya Apple ya kampuni ina mtu mmoja tu mwenye cheo cha mwenye akaunti, na ni yeye anayepaswa kumhamishia mwingine. Fanya hivyo ukiwa bado kazini. Kwa gemu za Android, kama ufunguo wa kusaini (siri ya kidijitali inayothibitisha kwamba gemu imetoka kwenu) unatunzwa na Google, ule wa kupakia matoleo mapya dukani ukipotea unaweza kuombwa upya. Kama gemu ni ya zamani na ufunguo unatunzwa na studio yenyewe, ukipotea hakuna sasisho tena kwa gemu hiyo. Usisahau simu yako: uthibitishaji wa hatua mbili wa akaunti nyingi umefungwa kwenye namba yako, na kampuni hugundua hivyo usiku wa sasisho la dharura.

Jina lako kwenye gemu

Gemu ikitoka miezi 14 baada ya wewe kuondoka, jina lako litaandikwaje? Omba jibu kwa maandishi kabla ya siku ya mwisho, likitaja cheo kamili. Studio nyingine zina masharti ya muda: Metroid Dread ilipotoka mwaka 2021, baadhi ya waliofanya kazi humo hawakuona majina yao, na studio ikaeleza kwamba sera yake inataka mtu awe amefanya angalau asilimia 25 ya muda wa utengenezaji. Mkongwe aliye kwenye miradi mitatu kwa mpigo anaweza kukosa hata hiyo. Uliza pia ni nini unaruhusiwa kuonyesha kwenye kazi zako binafsi, na kuanzia lini.

Usichobeba

Usibebe msimbo, michoro, lahajedwali, hata orodha ya mawazo yaliyokataliwa. Usijitumie baruapepe «kwa kumbukumbu». Mwandishi wa msimbo John Carmack alijiunga na Oculus, kampuni ya miwani ya uhalisia pepe, mwaka 2013 akitoka studio ya id Software, iliyokuwa chini ya kampuni mama ZeniMax. Mwaka uliofuata ZeniMax ikaishtaki Oculus, na mwaka 2017 baraza la mahakama likaamuru malipo ya dola milioni 500, ambayo jaji aliyapunguza kuwa milioni 250 kabla pande hizo hazijapatana. Mabishano yalihusu, pamoja na mengine, msimbo na siri za kazi. Siku ya mwisho rudisha vifaa na usaini orodha yake, chukua nakala.

Tangazo kwa umma kubalianeni maneno yake na tarehe yake. Sentensi nne au tano: unaondoka lini, nani anashika kazi, shukrani, basi. Usitaje unakokwenda kama huko nako hakujatangazwa, wala usidokeze hali ya gemu ambayo haijatoka.

Maswali ya baada ya kuondoka yawekee mpaka mapema: siku 30 za kujibu bure kwa baruapepe, kisha mkataba wa ushauri wa saa. Jibu kwa kumbukumbu tu. Wakikutumia faili ulitazame, lirudishe bila kulifungua, hasa ukiwa tayari umeanza kazi kwa mwajiri mpya.